Diski Nzito

Jumatatu, 8 Aprili

Tumefika saa kumi na moja alfajiri, baada ya saa thelathini na moja ndani ya basi kutoka Romania. Miguu imevimba hadi viatu vimegoma kuvulika. Huu ni msimu wangu wa kumi na saba wa kuvuna asparaga, ile mboga ya vijiti, shambani kwa Bwana Lüdeke hapa Ujerumani. Kontena ni lile lile, namba nne, vitanda sita, na godoro langu bado lina shimo la mwili wangu wa mwaka jana.

Daftari hili kanitilia mke wangu Viorica kwenye begi. Anasema kwenye simu huwa nasema niko salama kisha nakata, basi niandike, nikirudi asome. Ni mwanamke wa subira. Lakini safari hii, alipokuwa akinifungia mkate, alisema neno ambalo hajawahi kulisema: amechoka kuolewa na begi.

Jumanne, 9 Aprili

Tumetandika nailoni juu ya matuta, upande mweusi juu ili jua lichemshe udongo. Mgongo.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo Bwana Lüdeke aliniita kwenye banda la kuchagulia. Kulikuwa na wanunuzi watatu kutoka mjini, na kama kila mwaka alitaka wauone mkono wangu. Asparaga nyeupe inaweza kuwa nzuri nje, nene, imenyooka, kumbe ndani ina tundu. Wengine hadi waikate ndipo wajue. Mimi huiweka kiganjani tu. Iliyo nyepesi ni tupu, inatupwa daraja la tatu, la supu. Nilichagua kumi nimefumba macho, wakazikata zote, sikukosea hata moja. Wale wanunuzi walipiga makofi kama watu wa sarakasi.

Walipoondoka alinibakiza. Egon, mzee wa vyumba vya baridi, anastaafu. Bwana Lüdeke ananitaka mimi nichukue nafasi yake, mwaka mzima, siyo msimu. Juu ya banda la trekta kuna vyumba viwili na jiko. Alisema mke wako anaweza kuja.

Nilimwomba arudie, nikidhani Kijerumani changu kimenidanganya.

Kuna sharti moja. Lazima niwe na cheti cha vyumba vya baridi na usafi wa chakula. Mtihani ni tarehe 20 Juni, unafanywa kwenye kompyuta yako mwenyewe, peke yako chumbani, kamera ikikutazama. Msimu unafungwa tarehe 24, na kama hadi siku hiyo sina cheti, atamchukua mtu wa ofisi ya ajira. Niliuliza kama naweza kutumia kompyuta ya ofisini. Mama Lüdeke alijibu kabla ya mumewe kwamba kompyuta ya ofisini haiguswi na mikono yenye mchanga.

Viorica sijamwambia. Nikimwambia ataanza kufunga mizigo.

Ijumaa, 12 Aprili

Kompyuta yangu niliinunua kwa mtu miaka tisa iliyopita. Leo niliiwasha, nikamenya viazi vya watu sita, nikavichemsha, nikavichuja, ndipo ikaniruhusu kuandika. Nilijaribu kuweka ile programu ya mtihani. Ilijibu kwamba mashine hii ni ya polepole mno, mtihani hautafunguka.

Jumapili, 14 Aprili

Tumejadili kompyuta yangu kontena zima, kama watu wanaomjadili ng'ombe mgonjwa.

Sandu alisema niipige. Sandu ndiye sauti ya kontena letu. Ana miaka thelathini na minne, anakata kilo nyingi kuliko yeyote, na jioni akianza kusimulia hata mtu mwenye msiba hucheka. Wale wengine watatu, ndugu wa familia ya Bobeică, huwa wanasubiri Sandu aseme ndipo wajue wanafikiri nini.

Aliyesema la maana ni Iustin. Huyu ni mgeni wa mwaka huu, mwembamba, zamani alikuwa fundi wa simu katika mji uliofunga kazi zake zote. Kila jioni nyapara huandika kilo za kila mtu ubaoni, na Iustin yuko chini kabisa kila siku. Sandu kambatiza jina: Daraja la Tatu. Siku ya pili likafupishwa, sasa ni Tatu tu, na yeye huitika.

Alinieleza kwamba ndani ya kompyuta yangu mna sahani ya chuma inayozunguka na sindano inayoisoma, kama santuri. Sahani imezeeka. Siku hizi kuna diski za chipu, wanaziita SSD, hazina kinachozunguka, na hata ya bei ya chini itaifanya mashine yangu iwake kabla sijavua kofia. Aliniorodheshea mambo kwa upole. Iwe ile bapa ya inchi mbili na nusu, siyo ile nyembamba kama rula ya shule, maana haina pa kuingia. Gigabaiti mia mbili na arobaini zinanitosha. Itoke dukani, na risiti. Nisitongozwe na ukubwa.

Sandu akasema, "Tatu anakufundisha kutotongozwa na ukubwa. Mke wake naye kamfundisha hivyohivyo."

Tulicheka. Iustin pia alicheka kidogo, kwa kuchelewa, kama mtu anayelipa nauli.

Jumamosi, 20 Aprili

Baridi imerudi, usiku barafu, asparaga zimelala ardhini, mchana tukaachiwa. Nilimwomba Iustin aninunulie diski hiyo mjini kwa kuwa anazijua. Kilomita tisa kwenda, tisa kurudi, kwa miguu. Kaja na kiboksi na risiti, yuro ishirini na moja, kalipa kwa pesa yake, nimlipe nikiridhika. Alisema nisivunje karatasi ya kufungia kabla sijaamua, maana ndani ya siku kumi na nne duka linairudisha.

Kasha lile lina dirisha la plastiki. Nilitelezesha diski hadi kiganjani, ndani ya mfuko wake. Nikaacha mkono uamue.

Haikuwa na kitu. Naandika kama nilivyohisi: mkono wangu ulipanda wenyewe, kama unapokanyaga ngazi ambayo haipo. Plastiki tupu. Nilisema hivyo kwa sauti: "Hii tupu."

Iustin alisema chipu hazina uzito, ndivyo zilivyo. Sandu akachukua akaitikisa sikioni, akatangaza kwamba Tatu kanunua ganda la Tatu. Nilimwambia Iustin aishike kwanza, nitafikiri. Aliiweka kwenye rafu yake, nyuma ya mswaki.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua ya theluji. Nimesoma kurasa nne za masomo. Neno moja la Kijerumani lina herufi thelathini na nne, nimezihesabu.

Jumapili, 28 Aprili

Leo nimepata diski.

Nilikwenda na Sandu kwenye mnada wa Jumapili, pale uwanja wa kuegesha magari wa duka kubwa. Kulikuwa na mwanamume mwenye meza ya chaja na saa. Diski yake ni ya chuma, nyeusi, imeandikwa terabaiti mbili. Mbili. Hiyo ni mara nane ya ile ya Iustin, na aliitaka yuro ishirini na nane, Sandu akamshusha hadi ishirini na nne. Nilipoishika, mkono ulitulia. Ilikaa kiganjani kama asparaga ya daraja la kwanza, imejaa hadi kichwani. Yule mtu alituonya tusibandue stika ya nyuma, tukibandua dhamana imekufa.

Jioni tulileta mizani ya jikoni. Ya Iustin, gramu thelathini na moja. Yangu, sabini na nane. Sandu alisoma namba zile kama padri anayesoma Injili.

Iustin aliitazama diski yangu kwa muda mrefu. Akaniita nje, akasema, "Mjomba Toader, niruhusu niifungue. Chipu hazilemei. Kinacholemea ni chuma. Mtu haweki chuma ndani ya diski bila sababu."

Nilimwambia stika.

"Basi irudishe Jumapili ijayo. Nakuomba. Hizi husema uongo ukubwa wake. Ukiijaza kidogo inafanya kazi vizuri, ukiizidisha inaanza kula ilichokula mwanzo."

Nilimuuliza amekata kilo ngapi jana. Nilimwambia kwamba nimeshika asparaga miaka kumi na saba na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kujua kitu kilichojaa na kitu kitupu. Afunge diski yangu, asante.

Akaifunga. Skrubu nne, kisha mfumo mzima upya, saa moja na nusu, huku Sandu na ndugu wa Bobeică wakinywa bia na kumuuliza kama skrubu nazo anaziona nzito. Alipomaliza akabonyeza, na kompyuta yangu ikawaka. Nilihesabu hadi kumi na tisa. Sandu alinibusu utosini.

Jumatatu, 29 Aprili

Niandike ukweli, maana Viorica atasoma, au nitazichana kurasa hizi.

Baada ya chakula Sandu aliitisha baraza. Alisema kuna mtu humu kontenani alitaka kumuuzia mzee wetu ganda tupu, kisha alipoona mzee kapata kitu chema akataka kukivunja kwa wivu. Aligeuza ndoo, akanikalisha juu yake, akasema mimi ndiye hakimu kwa kuwa mkono wangu hausemi uongo. Akaniwekea diski mbili mkononi, ile nyepesi kushoto, na yangu, ambayo aliitoa ndani ya kompyuta kwa bisibisi, kulia. Aliniuliza, mheshimiwa, ipi ina kitu?

Iustin alikuwa amesimama mlangoni na taulo begani. Aliniangalia mimi tu, siyo Sandu.

Ningeweza kusema tuache mchezo. Nilikuwa na bia tatu tumboni na watu wananisikiliza. Nikainua mkono wa kulia.

Sandu akaichukua ile nyepesi, akavunja kasha, akaitumbukiza kwenye sufuria ya supu ya maharage iliyokuwa bado motoni. Akasema kila kitu cha daraja la tatu kinakwenda kwenye supu, ndiyo sheria ya shamba. Nilicheka. Nilicheka hadi nikashika mbavu. Iustin alikwenda akaitoa kwa uma, akaifuta kwa taulo lake, akaipeleka dirishani ikauke.

Hukumu ya pili alitoa Sandu mwenyewe: mwenye wivu halali na watu. Ndugu wa Bobeică wakaubeba mkeka wake na blanketi hadi chumba cha mabuti, pale mwisho wa safu, penye mabuti ya mpira ya watu arobaini.

Yuro ishirini na moja zake hakuziulizia. Nami sikuzitaja.

Jumapili, 5 Mei

Pasaka yetu. Mayai mekundu, mkate mtamu uliotumwa kwa basi. Tuligonganisha mayai kwa desturi yetu, ambaye lake halivunjiki ndiye mshindi, langu likavunja yote. Nilimwona Iustin kupitia dirisha akigonganisha mayai mawili peke yake, moja kila mkono. Sandu akasema, tazameni, Tatu kashinda. Nilimpigia Viorica nikamwambia habari ya vyumba viwili. Akauliza kama jiko lina dirisha.

Ijumaa, 10 Mei

Joto. Asparaga zinachomoza kama zimetumwa. Tumegeuza nailoni, upande mweupe juu. Kazi saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku.

Jumanne, 14 Mei

Joto. Kilo 212. Sandu 240. Iustin 97.

Alhamisi, 16 Mei

Joto. Nimelala na uma mkononi.

Jumapili, 19 Mei

Sandu kaniomba nafasi kwenye diski yangu. Ana filamu zake kwenye vijiti vya flashi, na ndugu wa Bobeică wana zao, na kontena namba tatu wana mechi zote za tangu mwaka juzi. Alisema, mzee, una terabaiti mbili, hilo ni ghala, utaliachia panya? Tukazimwaga zote. Kompyuta ilisema bado kuna nafasi tele. Sasa kila jioni watu wanajaa kwetu kutazama, na mimi ndiye mwenye sinema. Wananiletea soseji. Naona aibu kuandika kwamba nimefurahi.

Masomo nimefika ukurasa wa hamsini na mbili. Sandu hunihoji huku akifungua bia, nikikosea ananipiga kofia. Viorica aliuliza nani ananisaidia na kompyuta. Nikasema Sandu.

Jumapili, 2 Juni

Jambo la ajabu. Nilifungua picha ya Viorica ya kwenye harusi ya mpwa wake. Nusu ya juu ipo, kuanzia shingoni kwenda chini ni kijivu kitupu. Ukurasa wa kumi na moja wa masomo unaonyesha alama za mraba badala ya herufi.

Sandu alisema bila kufikiri: "Nani aliifunga? Nani alikuwa na bisibisi?"

Nilijua jibu jingine. Nilikuwa nimeambiwa kwa sauti, nje, tarehe 28 Aprili, nimeiandika mwenyewe hapo juu. Lakini jibu la Sandu lilikuwa jepesi kumeza, na chumba kizima kilikuwa kimelimeza tayari. Nikasema, labda ni yeye.

Jumatano, 5 Juni

Mvua. Mtu kamwaga maji ndani ya mabuti ya Iustin. Kakata mchana kutwa miguu ikitoa sauti ya chura. Shamba zima linaiga sauti hiyo.

Ijumaa, 7 Juni

Mvua. Tena maji kwenye mabuti.

Jumatatu, 10 Juni

Mvua. Sasa wanatia na mchanga. Kilo zake 61. Sandu kasema ukimya wake ndio ushahidi. Nami naanza kumchukia kweli, kwa sababu hasemi kitu. Mtu anayeonewa anapaswa angalau kutukana, ili umjibu.

Jumamosi, 15 Juni

Nimefanya mtihani wa majaribio. Maswali thelathini na tatu kati ya arobaini. Nitafaulu. Bwana Lüdeke alinipa funguo nikavione vyumba. Karatasi ya ukutani ni ya manjano, sakafu ni ya mbao. Jiko lina dirisha.

Alhamisi, 20 Juni

Saa tisa alasiri. Mvua ya kumwaga. Wote walikuwa shambani isipokuwa mimi, niliyepewa ruhusa, na Iustin, ambaye mgongo wake umekataa kunyooka tangu jana.

Niliketi mezani. Nilikuwa nimenyoa. Nilionyesha kamera kitambulisho, chumba, chini ya meza, masikio yote mawili. Maswali yakaanza. Nilikuwa nayajua. La kwanza hadi la kumi na sita niliyajibu kama mtu anayebambua ganda la yai, na nikajisemea, Viorica, pakia.

Swali la kumi na saba lilihusu joto la kuhifadhia stroberi. Nilibonyeza jibu, na skrini ikaganda. Kisha bluu. Kisha nyeusi, na mstari mmoja mweupe uliosema hakuna mfumo uliopatikana. Niliizima nikaiwasha. Mstari ule ule. Nikaizima nikaiwasha mara ya tatu, nikaipiga ubavuni kama Sandu alivyoshauri, na niliisikia sauti yangu ikimbembeleza mdudu yule wa chuma kwa maneno ninayombembelezea farasi.

Sheria ya mtihani ilikuwa ukurasa wa kwanza: ukikatika una dakika ishirini kurudi, kwa mashine yoyote, na namba yako. Zilikuwa zimebaki kumi na saba.

Kompyuta nyingine ilikuwa moja tu katika kontena zote, ya Iustin.

Nilikimbia bila viatu. Iustin alikuwa amelala kwenye mkeka kati ya mabuti, chupa ya maji ya moto chini ya kiuno. Nilipiga magoti. Nilimshika suruali. Nililia, naandika kama ilivyokuwa, makamasi hadi kidevuni, mzee wa miaka hamsini na nne, nikisema vyumba, vyumba, kana kwamba angejua ni vyumba gani.

Aliinuka kwa kushika rafu. Akatoa kompyuta yake kwenye mfuko, akaiweka juu ya kreti, akabonyeza. Iliwaka mara moja. Aliniuliza namba yangu. Programu ilishuka kwa dakika nne, na dakika hizo nne alisimama akinifuta uso kwa taulo, kwa sababu kamera itataka kuuona.

Kisha akasema, "Kaa. Usizungumze nami, muda unakwenda."

Chumbani haruhusiwi mtu wa pili. Intaneti ilikuwa ya simu yake, na ndani ya chumba kile cha bati simu hushika na kukatika. Akatoka nayo, akasimama chini ya dirisha dogo, mvua juu yake, mkono umeinuliwa ukiikingia simu kwa kofia. Nilikuwa nakiona kiganja chake tu kwenye kioo. Maswali ishirini na matatu. Dakika hamsini na nane. Mkono ule ulibadilishana na mwenzake mara mbili tu.

Nimefaulu. Thelathini na moja kati ya arobaini, na thelathini ndiyo mpaka. Cheti kimefika kwenye simu yangu kabla sijasimama.

Alirudi ndani ametota hadi mifupani, amepinda upande mmoja. Nilisubiri aseme. Nilimtaka aseme. Nilikuwa tayari kutukanwa hadi jioni. Aliuliza tu, "Sasa naweza kuifungua ile?"

Nikamletea. Stika ilibanduka kama ya tunda. Ndani mlikuwa na kikadi cha kumbukumbu kama kile cha kamera, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kimegandishwa kwa gundi ya moto. Pembeni yake, bamba la chuma lenye kutu. Hakuna kingine. Aliniwekea bamba lile kiganjani bila kutabasamu, akanionyesha na ile ya kwake iliyotoka kwenye supu. Ndiyo niliyofanyia mtihani. Aliikausha siku kumi na mbili, akaifunga ndani ya kompyuta yake, ikakubali.

Kisha akafunga skrubu zangu zote nne, kila moja mahali pake, akanirudishia. Akasema wakati mwingine nimuulize kwanza, mjomba. Akalala akageukia ukutani.

Ijumaa, 21 Juni

Jioni Sandu alipiga ngoma kwenye sufuria kwa ajili ya cheti changu. Waliuliza ilikuwaje. Nikasema ilikwenda vizuri. Filamu nikasema nimezifuta ili kutoa nafasi. Hakuna aliyeuliza kuhusu Iustin, na mimi sikusema.

Amepata homa. Anakohoa, na kikohozi kinafika hadi kwetu. Nilimpelekea chai, nikaiacha mlangoni, nikaondoka kabla hajafungua.

Jumapili, 23 Juni

Bwana Lüdeke aliniita ofisini, nikae kwenye kiti, siyo nisimame. Sasa mimi ni mtu wa mwaka mzima. Alinisainisha. Kisha akatoa orodha ya watu arobaini. Mwakani anapunguza kitanda kimoja kila kontena. Yeye huona kilo tu, alisema, lakini wewe unaishi nao. Katika namba nne, nani asirudi?

Nilijua jina la haki. Sandu. Mtu yeyote mwenye macho angemtaja Sandu: bia, maji kwenye mabuti, mabaraza yake. Bwana Lüdeke mwenyewe alikuwa ameweka kalamu karibu na jina hilo, maana kelele za jioni humfikia, akingoja.

Nilifikiri hivi, na nitaliandika bila kulipamba. Sandu akirudi Aprili atanicheka mbele ya Viorica, na kuchekwa na Sandu nakujua, nitamcheka pia, mambo yataisha. Iustin hatanicheka. Atakuja kwenye vyumba vyangu viwili, atamsalimia mke wangu kwa heshima, atauliza kama kompyuta inakwenda sawa. Viorica atampenda. Atamwambia kaa, ule. Na kila atakapoinua kijiko nitauona mkono ule dirishani. Hicho sikiwezi.

Nikasema Iustin. Mgongo wake mbovu, nikasema, na kilo zake ni hizo.

Bwana Lüdeke aliangalia ubao, akatikisa kichwa kukubali, akapiga mstari. Alisema amenichagua vizuri, mimi ni mtu asiyeangalia sura.

Jumatatu, 24 Juni

Siku ya Mtakatifu Yohana. Asparaga ya mwisho ilikatwa saa nne asubuhi. Tukatoa nailoni.

Jumanne, 25 Juni

Basi lilikuja saa saba mchana. Sandu alipanda akiimba, mabuti ya mtu mwingine begini. Ndugu wa Bobeică nyuma yake.

Iustin alikuja kuniaga, begi begani, bado anakohoa. Habari ya orodha hawaambiwi hapa, hupata barua Januari. Alinipa kikaratasi alichoandika kwa herufi kubwa ili niweze kusoma: aina mbili za diski za bei nafuu zinazoaminika, na anwani ya lile duka. Alisema nisinunue yoyote kabla hajarudi, Aprili atanifungia mwenyewe bila malipo, na mke wangu ataweza kuongea na wajukuu bila picha kukatika.

Nikamwambia sawa. Nikamwambia tutaonana Aprili. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

Basi lilipopinda kwenye barabara kuu nilipanda juu na futi ya kupimia, maana Viorica ameomba vipimo vya mapazia. Dirisha la jikoni ni sentimita tisini na nne kwa mia moja na kumi.